Barua ya London: Langoni Yachagua Gari

Huko Ilford, mashariki ya London, yuko mzaliwa mmoja wa Langoni, Lamu, ambaye siku hizi hana mazungumzo na nyumbani isipokuwa ya gari. Ujumbe wake wa sauti husikilizwa dakani baada ya Alasiri, na kila aliyekaa pale ana rai yake. Ajabu ni kwamba wenye rai hawana gari hata mmoja. Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, haukujengwa kwa ajili ya magurudumu: katika vichochoro vyake, punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kujibana ukutani. Mwenye gari huliacha Mokowe, bara, akavuka kwa boti.

Kisa chenyewe ni gari la familia la dizeli, la mwaka 2009. Bado linawaka na bado linabeba watoto watatu na mabegi yao. Kosa lake ni moshi. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 mitaa yote ya London imo ndani ya ULEZ, eneo la kutoza magari yenye moshi mchafu, na gari la dizeli lisilofikia kiwango cha Euro 6 hulipiwa pauni 12.50 kwa kila siku linapoingia barabarani. Usipolipa, faini ni pauni 180. Meya alikuwa na mpango wa kuwapa wenye magari ya aina hiyo hadi pauni 2,000 wayapeleke yakavunjwe. Mpango ulifungwa Septemba 2024, jamaa akiwa bado anashauriana na nyumbani.

"Mwanangu, si uilete huku," mama yake akasema.

Ikabidi aelezwe kwamba Kenya nayo haipokei gari kuukuu lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. London halitakiwi, Mombasa haliingii. Ami yake akauliza kama gari lingeweza kukatwa vipande likaletwa kama vyuma. Hakujibiwa, ingawa swali lilikuwa la maana kuliko alivyodhani. Vipuri vya mitumba vina soko lake pwani nzima.

Ndipo ilipokuja hamu ya SUV ndogo, ugonjwa ulioishika Uingereza nzima. Nissan Qashqai ndilo gari jipya lililouzwa zaidi nchini humo mwaka 2022. Limepewa jina la wafugaji wa kuhamahama wa Iran, linaundwa Sunderland, na Ilford hununuliwa na watu ambao safari yao ndefu ni kupeleka watoto madrasa. Katika matangazo, magari ya jinsi hii hupanda majabali na kuvuka mito. Ukweli ni kwamba mengi huvutwa na magurudumu mawili ya mbele tu, na matope yakizidi hukwama kama gari lolote. Anayelipia zaidi hulipia kimo: kukaa juu kidogo na kumfunga mtoto kitini bila kuinama.

Bibi yake hakushughulika na matangazo. Maisha yake yote ameona punda wakinunuliwa, na maswali yake yalikuwa yale yale ya sokoni. "Hula nini? Hubeba nini? Na ikiugua?"

Uzuri ni kwamba maswali hayo matatu yalifanya kazi kuliko vijitabu vyote vya wauzaji. Kuhusu chakula, jamaa alieleza habari za Qashqai ya e-Power, ambayo injini yake ya petroli haizungushi gurudumu. Kazi yake ni kufua umeme, na mota ya umeme ndiyo inayoendesha gari. Lamu, iliyokaa miaka mingi ikitegemea jenereta za dizeli, haikuhitaji maelezo zaidi. "Kumbe ni jenereta ya kutembea," akasema ami, na kwa sauti yake ilionekana Qashqai imeikosa kura yake. Kuhusu mzigo, buti la Qashqai hufikia lita 504 na la mshindani wake, Kia Sportage ya petroli, ni lita 591, na kwa familia inayosafiri na mabegi ya zawadi tofauti hiyo si ndogo.

Swali la ugonjwa ndilo lililoamua. Kia huuzwa Uingereza kwa dhamana ya miaka saba au maili 100,000, na dhamana hiyo humfuata mnunuzi wa pili. Sportage ya miaka mitatu, basi, ina minne iliyobaki. Bibi aliridhika, ila akakumbusha kwamba Lamu mgonjwa hutibiwa bure. Hakukosea: tangu 1987 mjini pale pana kituo cha kutibu punda, kilichofunguliwa na shirika lenye makao Sidmouth, Uingereza hiyo hiyo, na kila mwaka hutoa zawadi kwa wenye punda waliotunzwa vyema. London gari hukaguliwa kila mwaka likishatimiza miaka mitatu, na hakuna anayepewa zawadi.

Sportage ikanunuliwa, ya kijivu, kwa kuwa nyekundu ilipingwa na mama. Habari zikawafikia Waswahili wa Ilford kabla hata ya bima kulipwa, na wiki ile ile yakaja maombi ya kwanza: jamaa watatu, mabegi sita, ndege ya alfajiri, Heathrow. Alikwenda. Ilikuwa bado mwaka 2025, na kusimama mlangoni pa uwanja kushusha abiria kulimgharimu pauni 6.

Habari hiyo ilipofika dakani, ami alitaka irudiwe. Pauni sita, kwa kushusha mgeni? Jibu lake lilikuwa ujumbe wa sauti wa dakika nzima, wenye kicheko, kikohozi, kicheko tena, na sauti ya mtu pembeni ikiuliza kama hamali wa gatini wameshasikia bei hiyo.