Fadhila za Kuhamisha Mafaili

Watu wamesifu mengi tangu ulimi ulipojua ladha ya maneno: wamesifu wafalme waliowalisha, wapenzi waliowanyima usingizi, na majahazi yaliyowavusha bahari ya kusi na kaskazi, lakini sikumbuki kumsikia mtu, alimu wala jahili, akisimama mbele ya hadhara kuisifu adha ya kuhamisha mafaili ya filamu za nyumbani kutoka kompyuta kuukuu kwenda kompyuta mpya. Na kwa kuwa adha hiyo ilikaa kwangu Ngamiani, katika mji wa Tanga, siku tatu usiku na mchana, nami, ingawa wahenga waliagiza mgeni apewe jembe siku ya tatu, nilitazama mkononi nikaona jembe limeshikwa na mwenyeji, nimeona ni utovu wa adabu kuiacha iende zake bila kuisindikiza kwa taadhima inayoistahili.

Sifa njema huanza kwa nasaba, na nasaba ya adha hii si ya kichochoroni. Babu yake ni ile diski ya kwanza iliyouzwa na kampuni ya IBM huko Marekani mwaka 1956, iliyokuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja na uzito wa kama tani nzima, na ambayo kwa ukubwa huo wote ilihifadhi herufi milioni 5 tu, hazina isiyotosha kubeba hata sekunde 2 za harusi ya binti yangu. Mama yake ni kanda ndogo ya Mini-DV, iliyoingia duniani mwaka 1995, ambayo kila saa yake moja hudai gigabaiti 13 za nafasi, wala haikubali kuingia ndani ya kompyuta ila kwa mwendo wake yenyewe, saa nzima ya kanda kwa saa nzima ya ukutani, na hakuna hongo wala dua iwezayo kuiharakisha. Mtoto wa wazazi kama hawa angewezaje kuwa mwepesi?

Mali yangu mimi ilikuwa kanda 8 za harusi hiyo ya mwaka 2006, nilizozipiga kwa mkono wangu na kuziingiza moja moja kwa waya wa FireWire katika kompyuta niliyoinunua mtumba, kila kanda ikawa faili moja, na jumla yake gigabaiti 104. Pembeni yake palikuwa na folda ndogo niliyoiita Makapi, ambamo nilitupia kila kisichofaa: majaribio ya kamera, kisigino changu nilichokipiga picha kwa kusahau kuizima, na vipande vilivyochukuliwa kabla wageni hawajafika.

Fadhila ya kwanza ya adha hii ni uadilifu, nao ulidhihiri siku ya kwanza. Diski ya nje niliyoiazima ilikuwa imepangwa kwa utaratibu uitwao FAT32, ambao haulipokei faili lolote linalofika gigabaiti 4, yaani hata dakika 20 za kanda yangu hazitimii. Na niliposogeza mafaili yangu, yale manane makubwa, yenye nikaha na maulidi na bibi harusi katika dhahabu yake yote, yalirudishwa mlangoni moja baada ya jingine, ilhali Makapi, kwa udogo na unyonge wake, ilipita bila kuulizwa neno. Nitajieni dola, baraza au karamu ambamo wakubwa hurudishwa na wanyonge wakakaribishwa ndani kwa mkono wa kuume, nami nitaacha kuisifu adha hii na kuisifu hiyo.

Fadhila ya pili ni kuunga udugu. Mpwa wangu, fundi wa kompyuta, ambaye tangu Idi ya mwaka jana nilikuwa nikimwona katika simu tu, alifika jioni ileile, akavua viatu, akakaa, akala, akaulizia hali za watu wote wa nyumbani hadi paka, kisha akaipanga diski upya kwa utaratibu wa NTFS usiokuwa na choyo hicho. Alipoyatazama matundu ya USB ya kompyuta yangu alicheka kwa heshima, kwa kuwa yalikuwa ya kizazi cha kwanza, ambacho mwisho wa mbio zake ni megabiti 12 kwa sekunde, na kwa hesabu ya kweli hupitisha kama megabaiti 1 tu. "Mjomba," akasema, "hapa ni karibu saa 29. Ingekuwa maji, ungekuwa unalijaza pipa kwa kijiko." Nikamjibu kwamba pipa likijazwa kwa kijiko hujaa vilevile, naye kwa adabu yake hakubisha.

Fadhila ya tatu, na hapa nawaomba mafundi cherehani wanisamehe, ni unyofu wa kukiri kosa. Nilipoyaagiza mafaili yaanze safari baada ya sala ya isha, ulijitokeza juu ya kioo mstari wa kijani, na chini yake bishara kwamba zimebaki dakika 40. Nilipokwisha kunywa kahawa zikawa saa 31. Nilipopiga mwayo zikashuka zikawa saa 17. Na nilipomwita mke wangu aje aone muujiza huo, zikapanda tena mbele ya shahidi. Siri yake ni kwamba mashine huigawa kazi iliyobaki kwa mwendo wa wakati ule, kwa hiyo kila mwendo unapobadilika, naye hubadili kauli hadharani bila haya. Fundi cherehani aliyekwambia kanzu itakuwa tayari kesho huendelea kusema kesho hadi mwezi wa Idi uandame, wala hata mara moja hakutamka, "Bwana, nimekosea, zimebaki saa 31." Kisha umeme ulipokatika saa nane za usiku, na asubuhi faili lililokuwa njiani likalazimika kuanza safari upya, niliitambua ndani yake hisani ambayo wanadamu wengi wamefariki wakiitamani, nayo ni ruhusa ya kuanza upya.

Katika kungojea huko kompyuta kuukuu haikuwa na nafasi ya kunifanyia jambo jingine, na kwenye kompyuta mpya hapakuwa na chochote cha kutazama isipokuwa kile kilichotangulia kufika. Basi, kwa kukosa kazi, nikaifungua Makapi. Nilikiona kisigino changu. Niliiona dari. Katika faili la tatu au la nne nikauona ua wa nyuma ya nyumba, asubuhi, kamba ya nguo, ndoo isiyo na mkono, na mama yangu, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2011, amekaa juu ya kigoda na ungo mapajani, akipepeta mchele wa pilau la harusi. Mchele unaruka na kutua kwa sauti ileile ya mvua ya kupita, anasimama kidogo, anaubana upindo wa kanga kwapani, anatazama kwenye kamera akiwa amekunja uso, anauliza, "Hiyo imewaka?" Msichana mmoja anainama kuyazoa yaliyoanguka chini, nadhani kwa nia ya kuyamwaga, na mama, bila kumgeukia, anasema, "Hayo usiyatupe, kuna kuku." Sekunde 42, basi. Nilikumbuka pia kwa nini nilikitoa kipande hicho: ile ndoo iliniaibisha.

Nikarudi kwenye sifa zangu, maana msifu hapaswi kukatiza maneno. Fadhila ya nne ni elimu, nayo ilinijia siku ya tatu, mafaili yote yalipokwisha kuwasili salama nami nikalifungua faili la mradi, lile ambalo ndani yake niliipanga harusi nzima kwa muda wa miezi miwili, nikakuta kila kipande kimepigwa alama nyekundu ya mkato, kama daftari la mwanafunzi mvivu. "Mjomba," mpwa wangu akanieleza, "faili la mradi halina picha hata moja ndani yake. Lina anwani tu: picha fulani iko diski D, folda fulani, anza dakika hii, kata dakika ile. Ndiyo maana halifiki hata megabaiti moja." Kumbe kwa miaka yote hiyo nilichokuwa nikikiita filamu kilikuwa mfano wa wasia wa mzee aliyeusia minazi ya shamba fulani upande wa kibla, bila kuacha shamba wala mnazi ndani ya karatasi, warithi wakihama mji, wasia hubaki umenyooka na sahihi yake, ukionyesha kwa kidole mahali pasipokuwa na kitu. Katika kompyuta yangu kuukuu D lilikuwa jina la diski ya pili. Katika mpya, D ni mlango wa kuingizia CD, nao ulikuwa mtupu. Herufi A na B ziliwekewa disketi zamani, ndiyo sababu diski kuu huitwa C hata leo, ingawa wale wawili waliotangulia hatuwaoni tena. Kwa jinsi hiyo hata herufi zina marehemu wao, na nafasi zao bado hazijakaliwa.

Mpwa wangu akaubadilisha ule mlango akaupa herufi nyingine, akaipa jina la D diski yenye kanda zangu, na kwa tendo hilo moja alama zote nyekundu zikatoweka kama nzi waliofunuliwa kawa. Harusi ikasimama tena mbele yetu: maua, dhahabu, matarumbeta, wajomba wenye vilemba, kila kitu mahali pake kama nilivyokipanga, na ndani ya saa yake nzima na dakika zake 10 mama yangu haonekani hata mara moja, maana siku ile alikuwa uani akihakikisha kwamba watu watakula.

Wako watakaoniambia kwamba adha hii inakaribia kufa, kwa kuwa siku hizi picha hujihifadhi zenyewe mtandaoni na mtu hubadili kompyuta kama abadilivyo shati, bila kubeba mzigo, na bila kujua alichokuwa nacho. Nawapa hongera. Mimi, Mungu akinijalia umri, nitahama tena baada ya miaka kumi, kwa waya mbovu nikiweza kuupata, na nitautumia ule wasaa wa kungojea katika kufungua kila faili lisilo na jina.

Mpwa wangu alipokuwa akikusanya vyombo vyake aliitazama diski kwa jicho la kifundi, akakiweka kidole juu ya folda ya mwisho. "Mjomba, hii Makapi tuifute? Tutapata nafasi kidogo."

"Hayo usiyatupe," nikamwambia. "Kuna kuku."

Akageuka kuchungulia uani, kwa kuwa anajua vyema kwamba nyumbani kwetu kuku hatufugi tena.