Mugumo, Sufuria na Wanajeshi wa Redioni

Ukila ukoko kwenye sufuria, siku ya harusi yako mvua itanyesha. Mwiko huu unajulikana Kenya nzima, lakini nadhani aliyeutunga alikaa nchi kavu. Sisi wa Kianyaga tumezaliwa miguuni pa Mlima Kenya, na mvua ya Aprili haiulizi nani anaoa. Kila harusi ya utoto wangu, bibi harusi aliingia kanisani na tope jekundu kwenye pindo la gauni, na sisi watoto wa benchi la nyuma tukatazamana: kumbe hata mwalimu wetu wa shule ya Jumapili anakulaga kwenye sufuria!

Umeme ulikuwa haujafika kijijini, na televisheni tuliijua kwa kusimuliwa. Kwa hiyo miiko ndiyo iliyotuchangamsha. Usipige mluzi usiku, utaita nyoka. Usimruke mwenzako aliyenyoosha miguu, atadumaa. Usinyooshee kaburi kidole, kitaoza. Usimeze mbegu ya chungwa, mti utakuotea tumboni. Hofu tupu, lakini kila mwiko ulikuja na dawa yake, na utamu wenyewe ulikuwa hapo. Uliyemruka unamruka tena kwa kurudi, mambo yanaisha. Kidole kilichokosea unaking'ata mpaka kikome. Ama mbegu ya chungwa, kaka yangu alimwamuru mgonjwa asiguse maji siku nzima, ili mti ukose mvua. Alikuwa na miaka tisa na tayari ana wagonjwa.

Mwiko uliotisha kuliko yote ulikuwa wa mti wa mugumo: ukiuzunguka mara saba, mvulana anageuka msichana na msichana anageuka mvulana. Wetu ulisimama juu ya kijito, ng'ambo ya mashamba ya kahawa, na hakuna aliyethubutu kuutia panga hata kwa kuni. Chini ya miti kama huo wazee wa zamani walitoa sadaka wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Tena Cucu, nyanya yetu, alikuwa akitusimulia juu ya mtabiri Mugo wa Kibiru, aliyesema utawala wa Waingereza utakwisha mugumo wa Thika utakapoanguka. Na 1963 ukaanguka kweli. Mti unaoweza kumng'oa gavana utashindwa na mtoto wa darasa la tatu?

Wavulana walipita hapo mbio. Mimi niliutazama kwa jicho la biashara. Nyumbani kaka alikata nyasi za ng'ombe, basi, siku yake imekwisha. Mimi nilichota maji, nikaosha masufuria, nikambeba mtoto mgongoni, nikachambua mchele wa Mwea punje kwa punje nikitafuta mawe. Mizunguko saba tu nisione sufuria tena? Bei ilikuwa nafuu.

Likizo moja ya Aprili tulitumwa maji sisi wawili. Nikautua mtungi, nikaanza kukimbia kuuzunguka mugumo, nikihesabu kwa sauti. Kaka alielewa papo hapo hatari iliyokuwepo: nikigeuka mvulana, vyombo ataosha nani? Akanifukuza anikamate. Nikakaza mwendo. Moja, mbili, tatu, yeye nyuma yangu akinipigia kelele nisimame. Nilipotamka sita sikusikia tena hatua zake. Kugeuka, namwona amesimama mguu mmoja hewani, macho yamemtoka. Alikuwa amekumbuka kwamba naye anazunguka.

Dawa aliijua: urudi kinyume. Lakini kinyume gani? Uelekee upande ule mwingine, au utembee kinyumenyume? Akiwa daktari mwangalifu, alifanya yote mawili. Akaanza kurudi nyuma polepole, mikono mbele, akihesabu kushuka. Kabla ya kufika nne akakalia thabai. Ukizipika zikapondwa kwenye mukimo, thabai ni mboga tamu sana. Zikiwa mbichi hazitaki kukaliwa na mtu. Sauti iliyomtoka kaka yangu ilikuwa nyembamba ajabu, nami nikajua dawa imechelewa.

Akafika nyumbani anatembea miguu upande upande, wadogo zetu wakimzunguka kumkagua. Cucu alimpaka mafuta ya kupikia bila maswali, kisha akamhurumia: "Leo nyasi hapana. Kaa hapa jikoni umenye viazi." Akampa kisu. Kaka alikitazama kile kisu, akalia kwa kwikwi kama aliyesomewa hukumu. Mimi nilikuwa nimekomea sita kwa sababu ya kicheko, na usiku ule nikaosha masufuria yangu kama kawaida.

Tulikuwa na michezo salama pia: kati, brikicho, magari ya waya. Kuteleza mteremkoni juu ya magome ya mgomba mvua ikishanyesha sitauita salama. Waulize mama zetu walioshona viraka.

Teknolojia pekee nyumbani ilikuwa redio ya Baba. Betri zikichoka alizianika juu ya mabati zipate jua. Ndani yake aliishi mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, yule wa Je, Huu ni Ungwana?, kipindi kilichoanza 1966. Tulijiuliza analala wapi humo ndani, na nani humpikia. Kaka, mwenye huruma, alikuwa akimpitishia punje za mahindi ya kuchemsha kwenye upenyo wa nyuma.

Jumapili tarehe 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la anga waliteka kituo cha redio cha Sauti ya Kenya na kumlazimisha Mbotela atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Watu wazima wakakaa kimya, wakiwaza nchi inaelekea wapi. Sisi mlangoni tulikuwa na swali lingine. Kidole cha mtoto hakipiti kwenye ule upenyo. Wanajeshi wameingiaje, na bunduki na viatu vyao? Mara sauti ikafifia, ikakata. Betri! Baba akapanda kuzianika, lakini Agosti ya Kianyaga ni ukungu na manyunyu. Nairobi watu wakapigana, Rais Moi akarudi madarakani, betri zetu bado ni baridi juu ya mabati. Kwa hesabu yetu sisi, mapinduzi yalizimwa na ukungu.

Baba alipopeleka majani chai kituoni, kaka alifungua mgongo wa redio kwa kile kisu cha viazi, kuwatafuta majeruhi. Tulikuta nyaya, vumbi, na mende mmoja amekufa chali. Tukamzika chini ya mgomba kwa saluti.

Betri zilipopata nguvu redio haikusema kitu. Tukaongozana na Baba hadi kwa fundi sokoni. Akachungulia, akasema waya umeng'olewa, kisha akatoa punje za mahindi moja moja akazipanga mezani. "Na hizi, mzee?"

Baba akatugeukia. Kaka hakupepesa hata jicho.

"Wanajeshi walikuja na chakula chao."