Mgeni Asiyelishwa

Kwetu Uvira mgeni hatoki bila kuwekewa bugali. Ndiyo maana mmea alionishushia shemeji kutoka vinamasi vya huko juu milimani, ukiwa kwenye kopo la maziwa, ulianza kupata taabu siku ile ile ulipofika.

Ni Drosera madagascariensis, mkazi wa vinamasi vya Afrika ya joto hadi Madagaska. Kashina kembamba, vijani vyenye nywele nyekundu, na kila unywele una tone la ulimbo kwenye ncha. Mdudu akitua ananasa, nywele zinamwinamia taratibu, na baada ya siku chache linabaki ganda. Udongo wa kinamasi ni maskini wa naitrojeni, basi mdudu ndiye mbolea.

Nilieleza hayo mbele ya mama mkwe. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Kumbe unakula! Mbona basi mnaunyima?"

Akauwekea ndagala. Ndagala mwenyewe alikuwa mkubwa kuliko jani. Kufikia kesho yake jani limeoza, na nzi wamekuja msibani bila hata mmoja kunaswa.

Maji nayo yakaleta kesi. Ziwa Tanganyika lina madini mengi, na mizizi hii haiyawezi; inataka maji ya mvua tu, ikae kwenye sahani yenye maji, juani. Kiangazi kilipofika, ndoo yetu ya mwisho ya maji ya mvua ikafunikwa kwa ajili yake. Baba mkwe akaitazama ndoo, akatazama bidoni begani mwa mjukuu.

"Yaani sisi tupande na maji ya ziwa, hili jani linywe ya mabati?"

Sikuwa na jibu. Jirani, yeye, alikuja kuomba chipukizi ili aachane na chandarua. Nilimwonyesha mikono yangu ilivyovimba: kopo liko dirishani pangu, na mbu wanapita kando yake wakija kwangu.

Mwishowe nikamtafuta shahidi mzito. Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1875 kuhusu mimea inayokula wadudu, aliijaribu drosera ya Ulaya kwa vipande vidogo vidogo vya nyama, na akaona kuwa kuishibisha kupita kiasi kunadhuru majani. Nikamsomea mama mkwe kutoka kwenye simu, naye akaanza kuelewa. Nikaendelea: aliidondoshea pia maziwa, mate, mkojo...

Wajukuu wawili waliokuwa mlangoni wakatazamana, kisha wakakimbilia dirishani.