Maombi ya Kulitangaza Korongo la Mtaa Wetu Kuwa Hifadhi

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ndugu Mkurugenzi, awali ya yote nakupongeza kwa juhudi za kukusanya mapato. Chini ya Mlima Meru kuna halmashauri tatu: ya Jiji, ya Arusha na ya Meru. Sitaji wewe unaongoza ipi, kwa sababu mchoro wangu wa ukuta bado uko mezani kwa vijana wako, na nisingependa uanguke nyuma ya kabati kwa bahati mbaya.

Nimelipa. Nianze na hilo ili tusipotezeane muda. Nimelipa ada ya kibali cha ujenzi, nimelipia kukaguliwa michoro, nimelipia kumwaga kokoto kando ya barabara ambayo haipo. Mchanga ulinifikia ukiwa umeshatozwa ushuru, na bado nikaulizwa risiti yake nikiwa nyumbani kwangu. Kabla ya hayo yote, mwenyekiti (wa mtaa au wa kitongoji, hilo nalo sitaji) alichukua asilimia yake kwa kushuhudia nikinunua kiwanja, yaani kwa kukaa kwenye kiti na kutazama. Kila nilipouliza fedha hizi zinakwenda wapi nilijibiwa kwa upole: ni za maendeleo, ndugu yangu, barabara na mifereji haiji yenyewe.

Ni kweli, haikuja. Lililokuja ni korongo.

Wewe ni msomi, unajua lilikotoka. Meru ina urefu wa zaidi ya mita 4,500 na mvua yake haina pengine pa kwenda ila kuteremka kwetu. Zamani ilipokelewa na migomba na kahawa. Leo inapokelewa na mabati, na kila bati linamwagia la chini yake. Hakuna ofisi inayojua idadi ya mabati hayo vizuri kuliko yako, maana mmeyatoza moja baada ya jingine. Kwa hiyo mlijua maji yanayokuja ni mengi kiasi gani. Mlikuwa na hesabu yake kwenye stakabadhi.

Nilipokuja kuuliza habari za mfereji nikaelezwa kwamba tangu Julai 2017 barabara si zenu, ni za TARURA. Nikashukuru. Maji ni ya mamlaka ya maji, nguzo ni za TANESCO, na kodi ya jengo nakatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kila mwezi, nayo mnasema si yenu. Nikabaki najiuliza chenu ni kipi. Jibu nililipata nilipoanza kupanga mawe ili ukingo usinilie kibaraza: siku ileile gari lenu likafika, likapita palepale ambapo nilikuwa nimeambiwa gari haliwezi kupita, na vijana wakaniandikia ukutani kwa rangi nyekundu SIMAMISHA UJENZI. Kumbe chenu ni brashi.

Sasa niingie kwenye ombi lenyewe. Naomba korongo letu litangazwe hifadhi.

Makao makuu ya TANAPA yako hapahapa Arusha, kwa hiyo wataalamu hawatatoka mbali. Vivutio vipo. Hifadhi ya Taifa Arusha inajivunia maziwa ya Momela. Sisi tuna dimbwi lililoanza na vuli likakataa kukauka, na vyura wake wanasikika hadi barabara kuu. Wao wana mbega, weusi kwa weupe. Sisi tuna bata wa Mama Mchungaji, weusi kwa weupe vilevile, na wakali zaidi. Asubuhi wageni watafanya matembezi ya miguu. Watateremka ukingo wa mashariki waone matabaka: juu udongo mweusi, chini majivu ya volkano, na katikati mabomba ya maji tuliyonunua kwa kuchangishana, yakining'inia hewani kwa mita kadhaa. Mpiga picha yeyote atalala hapo. Mchana, kuanzia Machi hadi Mei, kutakuwa na utalii wa mitumbwi.

Jioni ndiyo yenyewe. Wageni watakaa kwenye kibaraza changu (kile kilichosalia) watazame uhamaji mkubwa. Serengeti wanasubiri msimu ili waone nyumbu wakivuka Mto Mara. Kwetu kila siku wanavuka wanafunzi waliobeba viatu mkononi, akina mama na ndoo kichwani, mafundi, bodaboda waliokunja suruali hadi magotini, wote kwa ubao mmoja ambao nao tuliununua wenyewe. Mamba tu ndio hatuna. Ila mgambo wapo.

Getini akae yule kijana wenu wa ushuru mwenye mashine ya POS. Iwe masika au kiangazi, yeye hajawahi kukosa njia ya kutufikia.

Msidhani natania. Barabara za hifadhini huchongwa ili gari la mtalii lisikwame. Mtaa wetu ukiwa hifadhi, greda litatangulia kabla ya mgeni wa kwanza, na mimi nitakwenda kazini nyuma yake. Tuna sharti moja tu: mkishatangaza, msituhamishie Msomera, walikohamishiwa watu wa Ngorongoro.

Hapa niache mzaha kidogo. Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na maji ya mvua, Arusha hiihii, na watoto wakafa. Sisemi kwamba ada yangu ingeliokoa gari lile. Nasema kwamba kila masika mama anamshika mwanawe mkono hadi ukingoni, anamwachia, anasimama kutazama mpaka avuke, halafu anarudi nyumbani akute karatasi ya madai chini ya mlango. Mnatuona walipaji tu. Mkituhitaji mnatupata kwa jina, kwa simu, kwa namba ya kiwanja. Tukiwahitaji mnatupeleka dirisha jingine. Hiyo si ada. Huo ni ujambazi wenye risiti.

Samahani, Ndugu Mkurugenzi. Ni uchovu.

Yapo maombi mengine madogo. Mvua ya juzi imenimwagia mchanga mlangoni, kama lori zima. Naomba kujua nadaiwa ushuru kiasi gani. AFCON ya 2027 inakuja na uwanja unajengwa Olmoti: tunaomba timu moja, hata ile itakayotolewa hatua ya makundi, ipangiwe mazoezi mtaani kwetu ili lami ije kuitafuta. Na yale maandishi ukutani, herufi nne za mwanzo zimeondoka na ukuta wenyewe. Waje waziandike upya, njia wanaijua.

Naambiwa pia kwamba huko England, tangu 2010, halmashauri zinaruhusiwa kumtoza mjenzi kwa mita ya mraba ili zijenge miundombinu, na kwamba kila mwaka, kabla Desemba haijaisha, zinatakiwa zichapishe zilichokusanya na zilikokitumia. Ni tabia mbaya, msiiige. Mtu akishajua shilingi yake iliko ataanza kuifuata.

Endapo ombi la hifadhi litachelewa kwenye vikao, nitaridhika na mfereji wa mawe wenye sehemu ya kuingilia na sehemu ya kutokea. Masika yanaanza Machi.

Na nyinyi majirani mnaoisoma barua hii, wa Muriet, wa Ngaramtoni, wa Usa River na kwingineko, mkutano wa mapato na matumizi ukiitishwa njooni na risiti zenu zote. Kikao kisifungwe kabla hazijasomwa kwa sauti.

Ni mimi,
Mwenye kibali na stakabadhi zake zote