Deski Moja, Mashahidi Wawili

Jumatano iliyopita stima ilipotea saa moja jioni, na kabla sijapapasa mshumaa binti yangu alikuwa ameshasimama mbele yangu na daftari, amenimulika usoni kwa tochi ya simu kama polisi wa doria.

"Baba, mwalimu amesema nikuhoji."

Nikamuuliza nimefanya nini.

"Hujafanya kitu. Ni kazi ya ziada."

Afadhali ingekuwa kosa. Kosa lina faini, unalipa unaenda zako. Tangu huu mtaala wa CBC uanze mwaka 2019 nimeshona mwanasesere wa matambara, nimezunguka sokoni usiku nikiomba kokwa za maparachichi, nimeamka saa kumi na moja kumpiga mtoto picha akiosha vyombo, kisha nikapanga foleni saiba ichapishwe kwa rangi, maana ile ya nyeusi na nyeupe haikuonyesha povu. Aliye Gredi ya 5 ni mtoto, lakini anayesoma ni mimi.

Safari hii swali lilikuwa laini. Muulize mzazi wako kuhusu maisha yake ya shule, marafiki aliokuwa nao na aliyojifunza kwao. Mzazi mwenye akili timamu hulipokea swali kama hilo kwa mikono miwili, kwa sababu ni nafasi ya kujipamba bure. Unasema ulikuwa nambari moja kila muhula, na kwamba ulitembea kilomita kumi ukivuka mto wenye mamba. Wenzangu waliokulia mashambani wanafaidi sana. Kijiji kiko mbali, mashahidi wako mbali, na mamba hahojiwi.

Mimi nilizaliwa Dandora, nikasomea Dandora, na niko Dandora mpaka leo. Shule ilikuwa dakika nne kutoka mlangoni petu, saba kama mtaro umefurika. Na mwalimu wa Kiswahili atakayesahihisha majibu ya binti yangu ni mwanamke tuliyekaa naye deski moja kuanzia darasa la tatu hadi la nane.

Deski yenyewe ilitengenezewa watoto wawili, tukaikalia watatu. Yeye alikaa upande wa ukuta, mimi katikati, na ukingoni alikuwa Rula, tako moja kwenye mbao na la pili likining'inia. Tulimwita Rula kwa kuwa alikuwa mrefu, mwembamba, amenyooka. Leo ana kitambi kinachoingia chumbani kabla yake, lakini mtaa wetu ukishakupa jina haukusahihishii. Rula ndiye landilodi wangu.

Hapo pana historia, na inaniuma. Mwaka 1975 Baraza la Jiji la Nairobi lilipata mkopo wa Benki ya Dunia wa kupima viwanja elfu sita hivi huku kwetu. Mpango ulikuwa na maajabu yake, kwani hukupewa nyumba. Wengi walikabidhiwa kiwanja, bomba la maji, choo na bafu, kisha wakaambiwa nyumba wajijengee. Babake Rula akachukua kiwanja. Baba yangu akasema hawezi kuhamia mahali penye choo peke yake katikati ya uwanja kama mnara wa ukumbusho, wacha apange chumba kwanza aangalie. Akaangalia. Aliangalia mpaka akastaafu, vyumba vikiota kimoja kimoja kukizunguka kile choo, kisha vikaanza kupanda juu, ghorofa ya kwanza, ya pili.

Matokeo ya KCPE ya mwaka 1995 yalipotoka, enzi zile alama zikiwa 700, mimi nilipata 487 na Rula 212. Mama alinichinjia kuku. KCPE yenyewe ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, kwa hiyo 487 yangu sasa ni kama ile noti ya elfu ya zamani, hakuna dirisha la kuibadilishia. Na kila tarehe tano ya mwezi, mimi wa 487 humtumia kodi kwa M-Pesa yule wa 212. Hesabu ya kodi, maji na pesa za kuzoa taka huifanya yeye, kwa kichwa, na hajawahi kukosea. Hesabu hiyo nilimfunza mimi! Angalau ndivyo nilivyokuwa nikiamini hadi Jumatano.

"Andika," nikamwambia binti yangu. "Baba yangu alikuwa na marafiki wengi waliomheshimu."

Akaandika, ulimi nje. "Walikuwa wakikuitaje?"

"Kwa jina langu."

Kalamu ikasimama. "Mbona Anko Rula hukuita Mala?"

Wasiojua, Rais Moi alianzisha maziwa ya Nyayo mwaka 1979, yakigawiwa bure kwa watoto wa shule za msingi nchi nzima. Yalikuja kwenye pakiti za pembe tatu kama sambusa ya karatasi. Ulitakiwa unywe pale pale. Nilipokuwa darasa la nne nyumbani kulikuwa na mdogo wangu ambaye hajaanza shule, na ambaye kila siku ya maziwa alinipokea mlangoni akinusa mdomo wangu. Basi Ijumaa moja nikaficha pakiti mbili. Lakini langoni viranja walikuwa wakipekua mikoba, nikarudi darasani nikazisukumia ndani kabisa ya deski, nyuma ya vitabu, nizichukue Jumatatu.

Jumamosi jua lilikuwa kali. Jumapili likazidi. Paa letu lilikuwa la mabati.

Jumatatu kipindi cha hesabu nikachungulia. Pakiti zilikuwa zimevimba, pembe zote zimejaa, zimekakamaa kama shavu la mwenye jino bovu. Nikamnong'oneza Rula asiguse. Rula, ambaye hajawahi kusikia neno "usiguse" akalielewa, akabonyeza kwa kidole. Sauti yake ilikuwa ndogo tu. Lakini yale mabonge meupe yalitua kwenye rejista ya mwalimu, kwenye kitabu changu cha Kiswahili, na kwa wingi kwenye sweta ya kijani ya yule msichana wa ukutani. Mwalimu akanusa, akatuangalia watatu mmoja mmoja, akauliza kwa upole kabisa: "Nani ameleta mala darasani?"

Basi. Nina jina la ubatizo, la ukoo, na nambari ya kitambulisho, na hakuna kati ya hayo lililonishika kama lile. Mwaka juzi niligombea uongozi wa Nyumba Kumi, nimevaa koti, nimeandaa hotuba kuhusu taa za barabarani. Nikasema tu "Wananchi wenzangu," sauti ikatoka nyuma ya umati: "Sema, Mala!" Aliyeshinda anaitwa kwa majina yake mawili. Amehamia huku mwaka 2016.

Nikamwambia binti yangu hayo ya majina tuyaache, aandike kuhusu masomo. Hapo najiamini, kwani nilikuwa bingwa wa insha. Nilijua kwamba insha huanza majogoo wakiwika, ndege wakiimba matawini na kijito kikibubujika maji maangavu. Mwalimu alipenda hivyo. Jogoo pekee wa ploti yetu alikuwa ameliwa Krismasi, ndege tuliowajua walikuwa korongo wa jaani, ambao hawaimbi bali hukutazama tu kama wanakupima, na Mto Nairobi ulipita kwa rangi ya siku hiyo. Sikujali. Nilipata 30 kati ya 40. Yule msichana wa ukutani aliandika kwamba aliamshwa na kikohozi cha jirani na moshi wa taka, akapewa 11, na kuambiwa na mwalimu mbele ya darasa kwamba hana ubunifu.

Sasa yeye ndiye mwalimu. Na jambo la kwanza analowaambia watoto, binti yangu amenisimulia, ni kwamba atakayemwamsha jogoo kwenye insha atamletea huyo jogoo shuleni. Mnaona nilivyobanwa? Siwezi hata kuingiza ndege mmoja.

Ule moshi, kwa kweli, ulikuwa mwanafunzi asiyekosa shule. Jaa la jiji liko hapa tangu miaka ya sabini, katika shimo la machimbo ya mawe. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, na malori hayajasikia. Moshi ukija mwalimu alituamuru tufunge madirisha, nasi tuliyafunga kwa utiifu, ingawa hayakuwa na vioo. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza limepima damu ya watoto zaidi ya 300 walio karibu na jaa, na nusu yao wamekutwa na risasi kupita kiasi. Mama alisikia habari hizo redioni akakaa kitako kwa hofu, akauliza ni polisi wa kituo gani waliowapiga. Tulipomweleza ni madini, akaguna. Mimi nilifikiria pesa alizotumia kuninunulia kalamu za risasi za mtihani. Labda kidole kingetosha.

"Na nidhamu?" akauliza binti yangu, akisoma swali.

Nidhamu ilikuwa kipande cha mbao chenye kamba, tukikiita diski. Ukisikika ukisema Sheng unavishwa shingoni, unazunguka nacho ukiwinda mwenzako ateleze umvishe. Jioni wote waliokivaa walikula kiboko. Rula alikivaa sana hadi mama yake akafikiri ni sare. Viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001, sisi tumeshamaliza; kizazi chetu hakijawahi kupatana na tarehe. Na hata kabla ya hapo, miaka ya mwisho ya tisini, vijana watatu wa Dandora hii hii, Kalamashaka, walisikika redioni nchi nzima wakirapu kwa lugha ya mtaa. Rula alikuja mbio kwetu siku hiyo, jasho likimtoka. "Hiyo si ndiyo nilichapiwa?" Sikuwa na jibu. Mimi niliyesema Kiingereza kwa miaka minane sijawahi kuwekwa redioni.

Tulipofika hapo mlango ukabishwa, na mtu mmoja tu hubisha kwa tumbo.

"Mala! Stima imepotea kwako pia?" Rula akaketi bila kukaribishwa. Ni viti vyangu, lakini sakafu ni yake. "Mnafanya nini gizani?"

"Namhoji baba kuhusu shule," akasema binti yangu, na uso wa landilodi wangu ukang'aa hata bila stima.

"Amekwambia alinifunza hesabu?"

"Amesema alikuachia daftari unakili, kwa miaka sita."

"Kuachia!" Rula akacheka mpaka kiti kikalalamika. "Huyu alikuwa ananiuzia, mwanangu. Hesabu moja, andazi moja. Ya mgawanyo, maandazi mawili, alisema ina kazi nyingi. Nilikuwa nayachukua kwa mama wa mwalimu wako kwa mkopo, naye ananiandika kwenye ukuta kwa mkaa. Hapo ndipo nilipojua hesabu. Nilikuwa najumlisha nadaiwa ngapi, natoa niliyolipa. Si kwa lile daftari, majibu yake yalikuwa nusu makosa."

Binti yangu alikuwa anaandika kama karani wa mahakama. Nikamwambia hayo si lazima. Akasema mwalimu ameagiza wasiache kitu.

"Na yale maziwa," nikasema haraka, kubadilisha upepo, "ni wewe uliyebonyeza."

"Nilibonyeza. Pakiti moja si ilikuwa yangu?"

Nikanyamaza.

"Umesahau? Ulisema Kadogo atanusa mdomo wako tena, na ukimpa yako wewe hutakunywa. Nikakupa yangu. Ndiyo maana zilikuwa mbili." Akageukia simu yake, akaangalia saa. "Hata sikuionja. Kumbe leo ni tarehe sita, Mala. Ya jana sijaiona."

Nilimtumia pale pale, kwa mwanga wa tochi ya binti yangu.

Daftari lilirudi Ijumaa. Kwa wino mwekundu, kwa mwandiko ule ule wa duara niliokuwa nikiuchungulia upande wa ukuta: "Kukaribia matarajio." Chini yake: "Sweta haikutajwa. Ilikuwa mpya. Mzazi asome na atie sahihi." Nikatia sahihi. Sahihi yangu ya ofisini ina mikia miwili na mstari, watu huiogopa. Safari hii ilitoka kama ya mtoto wa darasa la nne.

Jumamosi nikashuka Gikomba. Sweta ya kijani ya mtoto wa miaka kumi bado inapatikana, nzito, vifungo vyote vipo, shilingi mia moja na hamsini. Mwenye kibanda aliikung'uta, akaikunja, akawa anaitia kwenye mfuko huku akinikazia macho.

"Samahani, mzee," akasema. "Wewe si yule Mala wa Dandora?"

Nikampa mia mbili. Sikungoja chenji.