Mwalimu Msaidizi wa Kiingereza Nchini Japani

Mpango wa JET, ulioanza mwaka 1987, huwapeleka vijana wa kigeni kwenye shule za Japani kama walimu wasaidizi wa lugha. Sharti mojawapo ni shahada ya kwanza, ya fani yoyote ile. Aliyesomea miamba naye hupokewa kwa heshima zote. Mlangoni mwa shule mwalimu huyu huvua viatu na kupewa ndara za wageni, ambazo kwa mguu mkubwa huishia katikati ya unyayo. Darasani mara nyingi husoma sentensi ya kitabu, wanafunzi wakaitikia, kazi ambayo redio kaseti iliifanya bila kudai nauli ya ndege. Wakati wa likizo ya wanafunzi huketi kwenye meza yake ya kazi, akilipwa kwa kuwepo. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, usizidi mitano: akishaizoea kazi, huagwa kwa maua.