Wifi, Tuwashie

Watu wamesifu mlima, bahari, bibi harusi na goli la dakika ya 90. Mimi leo naisifu hotspoti ya simu, hasa ile inayolisha televisheni. Haina mtetezi. Kila usiku inatukanwa sebuleni kwangu, na kesho yake jioni inaombwa tena kwa sauti ya upole.

Kwetu ilikuja hivi. Mume wangu alinunua TV janja ya inchi 43 Kariakoo, akaja nayo kwenye bajaji ameikumbatia kama mgonjwa anayetoka hospitali. Muuzaji alikuwa amemwapia kwamba hiyo haihitaji king'amuzi wala dishi. Hakusema uongo. Inahitaji intaneti, na nyumbani kwetu mwenye intaneti ya maana ni mtu mmoja tu, dada yake mume wangu, anayesoma chuo na anayejua bando lipi linauzwa saa ngapi na kwa menyu gani. Kwa hiyo waifai yetu ni wifi. Utani huo si wangu. Kiswahili kiliuandaa, mimi nimeolewa tu nikaukuta.

Basi tazameni unyenyekevu ulioingia ndani ya nyumba. TV imening'inia ukutani, nyeusi, pana, inafutwa vumbi kwa kitambaa chake peke yake. Simu ya wifi ina ufa kutoka kona hadi kona na kava lenye picha ya paka. Ikifika saa mbili usiku, mkubwa ndiye anayemsubiri mdogo. Nyumba nzima inamtazama binti anayekula ugali wake taratibu. “Wifi, tuwashie basi.” “Namalizia kula, wifi.” Hata baba mkwe, aliyekuja kutoka Muheza kutibiwa macho, na ambaye kwake huko hasemi neno mara mbili, amejifunza kungoja.

Anayesifiwa hutajiwa ukoo, na huu si ukoo wa kuokoteza. Mwaka 1942 mwigizaji wa Hollywood Hedy Lamarr, mzaliwa wa Vienna, na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza nchini Marekani kwa njia ya kuongoza topido kwa mawimbi ya redio yanayorukaruka kutoka masafa haya hadi yale, adui asiweze kuyazuia. Miaka 55 baadaye, kiwango cha kwanza cha waifai kikawa na kurukaruka kama huko miongoni mwa njia zake. Siku hizi kinachorukaruka ni picha. Masafa yenyewe, yale ya gigahezi 2.4, ni jirani wa karibu wa oveni ya maikrowevu, ndiyo maana nikipasha pilau la jana filamu inakohoa. Baadhi ya simu, ya wifi ikiwemo, hupenda kurusha kwenye gigahezi 5, ambako kuna kasi zaidi, lakini TV yetu huko haisikii kitu. Siku mbili za mwanzo simu ilikuwa inaita na TV inaangalia ukuta, mpaka wifi alipoingia kwenye mipangilio akaishusha hadi 2.4. Siku mbili hizo mume wangu alikuwa ameshaanza kuitafuta risiti.

Ukifungua orodha ya mitandao kwenye TV, mtaa mzima unajitokeza. Kuna Nunua Lako. Kuna Usinizoee. Kuna Kodi Umelipa, ambao tunaamini ni wa mwenye nyumba. Na kuna Mungu Anakuona, ambao hauna paswedi kabisa; jina linatosha. Zamani maneno haya yalikuwa ya kwenye kanga, na ilibidi mtu anunue doti nzima ndipo jirani apate ujumbe. Sasa ni bure, na yanapenya ukuta.

Lakini utukufu wenyewe uko kwenye paswedi. Waifai inataka herufi zisipungue nane. Jina la timu peke yake halifiki, kwa hiyo watu huongeza mwaka, na hivyo hotspoti imewafundisha historia vijana ambao mwalimu alishindwa nao. Wifi, kwa majonzi ya baba yake, ni Yanga. Baba mkwe ni Simba tangu ikiitwa Sunderland. Usiku wa kwanza TV kuisikia simu, mume wangu alikuwa zamu, mimi niko jikoni, rimoti ikamwangukia mzee.

“Haya, nitajie.”

“Y kubwa, Baba.”

Akaitafuta. Mshale wa kulia mara tano, OK.

“Halafu a.”

Ile a iko upande mwingine kabisa wa kibodi. Akarudi nayo, chini, kushoto, kushoto, kushoto, akapitiliza, akatokea ukingo wa pili, akaanza upya.

“n.”

Hapo akanyanyua uso. “Na inayofuata ni g?”

“Ndiyo, Baba.”

Kimya. Mechi ya Simba ilibakiza dakika kumi kuanza. “Endelea,” akasema, kama mtu aliyeambiwa avue shati achomwe sindano. Akamalizia hadi 1935, akabonyeza, na TV ikajibu kwamba paswedi si sahihi. Alikuwa amesahau kurudisha herufi ndogo. Ameandika YANGA yote kwa herufi kubwa. Niambieni ni kitu gani kingine nchini kingemfanya mzee yule aliandike jina hilo mara mbili usiku mmoja, na mara ya pili kwa uangalifu zaidi.

Wabaya wa hotspoti hukimbilia bando. Ni kweli, kwenye kioo cha simu video inaridhika na picha ya chini, lakini TV ikishashika waifai yoyote hudhani ni ya kulipia kwa mwezi, ikaagiza picha ya juu kama mgeni anayekula hotelini kwa mfuko wa mwenzake. Netflix wenyewe wanakadiria GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida, hadi GB 3 kwa HD na hadi GB 7 kwa 4K. Jioni moja ilijiboresha programu zake bila kuuliza mtu, na ujumbe wa “kifurushi chako kimekwisha” ukaingia wakati sisi tunaangalia habari tu. Lakini ukweli usemwe. Enzi za king'amuzi TV ilikuwa inaongea peke yake tangu asubuhi, haina msikilizaji isipokuwa makochi. Sasa hakuna anayeiwasha bila sababu. Mwanangu wa darasa la pili ananiuliza, “Mama, katuni moja ni MB ngapi?” Jedwali la saba bado linamshinda, ila hesabu hiyo anaiweza.

Umeme ukikatika na kurudi, TV yetu hupoteza saa. Inaandika kwamba imeunganishwa, lakini hakuna kinachofunguka, kwa kuwa programu hukagua tarehe za vyeti vya usalama vya mitandao, na kwa TV iliyorudi nyuma vyeti vyote huonekana havijaanza kutumika. Siku moja nikakuta inaamini ni tarehe 1 Januari 1970. Sikuigombeza. Mwaka huo Zanzibar ilikuwa bado haijawasha televisheni yake ya rangi, na Bara tulingoja hadi 1994. Kwa saa yake yenyewe, haikuwa na cha kutuonyesha. Nikaipa tarehe ya leo, ikazinduka.

Simu huwekwa kwenye stuli chini ya TV, iko kwenye chaji, uso juu. Kwa kazi hizo mbili kwa pamoja hupata joto, basi feni tunaielekezea yenyewe. Sisi tunatoka jasho, simu inapepewa kama bwana harusi. Na hapa baba mkwe anaisifu hotspoti kuliko mimi. Simu ikiwa kwenye stuli, mwenye simu haendi mbali. Binti ambaye kila jioni alikuwa na kikundi cha kujisomea sasa yupo nyumbani kabla ya taarifa ya habari. Mzee anasema TV imemlea.

Ikafika siku ya watani. Kwa kawaida picha ya intaneti huchelewa nyuma ya ile ya king'amuzi, kwetu kama nusu dakika, kwa hiyo goli tunatangaziwa na majirani kabla mpira haujapigwa. Kelele zikitoka upande wa kushoto ni Yanga, zikitoka upande wa duka ni Simba. Wenzetu wanaangalia mechi. Sisi tunaijua kesho yake, na mzee hupata muda wa kukaa sawa. Siku hiyo kona ikapigwa, mpira ukiwa hewani, picha ikaganda. Simu ilikuwa inaita. Simu ya wifi, mwito ukiingia, hushuka kutoka 4G hadi mtandao wa zamani ili mtu aongee, na data husimama kando kama mtoto aliyeambiwa apishe wakubwa. Stuli ikawa inatetemeka. Jina kwenye kioo, mbele yetu wote: Fundi Friji.

Saa tatu usiku.

Wifi akaichomoa simu kwenye chaji akaenda nayo barazani, na hotspoti ikaenda naye. Tukabaki na mpira hewani. Kukalipuka kelele; mimi nilidhani za kushoto, mzee akadai za dukani. Akavua miwani akaifuta. “Huyu fundi anafanya kazi mpaka saa hizi?”

“Ana bidii, Baba,” nikasema.

Wiki iliyofuata TV ikaomba paswedi upya. Mzee alikuwa ameshafanyiwa matibabu, ana miwani mipya, na rimoti siku hizi haiachi mkononi. “Ya Yanga naijua,” akasema.

“Nimebadilisha, Baba. Leta niandike mwenyewe.”

Uso ukamng'aa. “Alhamdulillahi! Hapana, nitajie tu.”

Wifi akanitazama. Herufi nane ndiyo sheria. Hii ilikuwa na kumi, haina mwaka.

“F kubwa,” akasema kwa sauti ya chini. Mzee akaipata. “u ndogo.” Akaipata. “n.” Safari hii hakupitiliza hata mara moja. “d.”

Kidole kikabaki juu ya OK. Akageuka taratibu akalitazama friji, linaunguruma vizuri tu kwenye kona yake.